Kushika Kisichokuwepo: Kwa Nini Mkono Ni Mgumu Kudanganywa Kuliko Jicho

Ukivaa miwani ya uhalisia pepe na mbele yako kukatokea meza, macho hayana shaka nayo. Yanaona ubao, kivuli na ukingo. Ukiinama, meza inabadilika sura kama meza yoyote inavyobadilika mtu anapoinama. Nyosha mkono uiguse: unapita katikati ya ubao bila kizuizi, maana mahali hapo pana hewa tu. Kazi yote ya vifaa vya mguso ni kuziba pengo hilo, yaani kuufanya mkono ukutane na kitu ambacho hakipo popote isipokuwa kwenye hesabu za kompyuta.

Wengi hudhani hili ni suala la kusubiri tu. Skrini zilianza na picha za madoadoa zikafika kwenye picha angavu, kwa hiyo glavu nazo zitaboreka hatua kwa hatua mpaka siku moja tushike chochote tunachokiona. Sikubaliani na dhana hiyo, na sababu yangu ni ya kifizikia. Mwanga hauhitaji kuegemea kitu ili ufike jichoni. Kani inahitaji. Kanuni ya tatu ya Newton, ile isemayo kwamba kila kani huandamana na nyingine iliyo sawa nayo inayoelekea upande wa pili, haina msamaha: meza halisi inauzuia mkono wako kwa sababu nayo imezuiwa na sakafu, na sakafu imebebwa na ardhi. Kifaa kinachotaka kukusukuma lazima nacho kijikite mahali. Kwa hiyo ukikutana na kifaa chochote cha mguso, kiwe na sifa zipi au zipi, uliza kwanza: kinaponisukuma, chenyewe kimeegemea wapi? Jibu lake litakueleza mengi kuhusu kile kinachokiweza kifaa hicho na kile kitakachokishinda.

Hisi nyingi zenye jina moja

Tumezoea kusema "kugusa" kana kwamba ni jambo moja. Ngozi ya kiganja ina vipokezi vya mguso vya aina nne. Vipokezi vya Merkel huhisi shinikizo linalodumu, pamoja na kingo na pembe za vitu. Vya Ruffini huitikia ngozi inapovutwa. Vya Meissner hushughulika na mabadiliko madogo na mitetemo ya polepole, kama ya kitu kinachoanza kuponyoka. Vya Pacini, vilivyo ndani zaidi, hunasa mitetemo ya haraka, na huwa vyepesi zaidi mtetemo unapofika kati ya mara 200 na 300 kwa sekunde. Mwaka 1979 watafiti wa Sweden, Roland Johansson na Åke Vallbo, walikadiria kuwa kiganja na vidole vya mkono mmoja huhudumiwa na nyuzi za neva za mguso zipatazo 17,000. Ncha ya kidole hutambua kuwa inaguswa na nukta mbili hata zikiwa zimeachana milimita 2 au 3 tu. Mgongoni nukta hizo huhisiwa kuwa moja mpaka ziachane kwa takriban sentimita 4.

Hiyo ni ngozi peke yake. Ndani ya misuli na kwenye kano kuna vipokezi vingine vinavyouambia ubongo mkono uko wapi, umekunjwa kiasi gani, na unakabiliana na uzito gani. Joto na baridi vina vipokezi vyake tena. Namna vipokezi hivyo vinavyogeuza msukumo au joto kuwa ishara ya neva ilikuwa kitendawili kwa muda mrefu. David Julius na Ardem Patapoutian walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba ya mwaka 2021 kwa kukitegua.

Chukua tendo dogo kabisa: kuinua glasi ya maji. Vidole vinaifikia, na mgongano mdogo wa kwanza unatoa mtetemo mfupi unaonaswa na vipokezi vya Pacini. Ngozi ya ncha za vidole inabonyea. Unapoanza kuinua, uzito wa glasi unaivuta ngozi hiyo kuelekea chini, na misuli ya mkono inaanza kubeba mzigo. Glasi ikitaka kuteleza hata kidogo, vidole vinaongeza mbano chini ya sehemu ya kumi ya sekunde, kabla wewe mwenyewe hujatambua kwamba kuna hatari. Wakati huo huo ubaridi unapenya kwenye ngozi. Kifaa kinachotaka kuiigiza glasi hiyo kinadaiwa vyote hivyo kwa pamoja, kila kimoja kwa wakati wake. Tena mkono haupokei tu kama jicho linavyopokea. Unasukuma, na kitu kinajibu kulingana na ulivyosukuma. Mazungumzo hayo ya pande mbili ndiyo yanayoifanya hesabu iwe ngumu.

Kuegemea meza

Vifaa vya kwanza vya kurudisha nguvu mkononi havikutengenezwa kwa ajili ya ulimwengu wa bandia. Vilitengenezwa kwa sababu ya mionzi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, Raymond Goertz wa Maabara ya Taifa ya Argonne nchini Marekani alibuni mikono ya kushikia vitu vyenye mionzi kutoka upande wa pili wa ukuta mnene. Fundi alishika mkono mmoja huku, na mkono mwenzake ukafuata kule ndani. Iligundulika upesi kwamba bila kuhisi ukinzani, fundi huvunja chupa au huangusha alichoshika, kwa hiyo mikono hiyo ilirudisha nguvu kwa aliyeiongoza. Kufikia mwaka 1954 Goertz alikuwa na mfumo wa aina hiyo unaoendeshwa kwa mota za umeme.

Ukishakuwa na mota upande wa fundi, si lazima upande wa pili uwe na chupa ya kweli. Kompyuta inaweza kuhesabu chupa ingejibuje. Frederick Brooks, katika Chuo Kikuu cha North Carolina huko Chapel Hill, alianza mradi wa namna hiyo mwaka 1967, akalenga molekuli: mwanakemia ashike molekuli ya dawa, aizungushe ndani ya tundu la protini, na ahisi mkononi inavutwa wapi na inasukumwa wapi. Kompyuta za wakati huo zilielemewa na mzigo wa hesabu, na ndoto hiyo ikakamilika karibu na mwaka 1990.

Kifaa kilichoifikisha teknolojia hii kwenye maabara nyingi kilitoka MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani. Thomas Massie na Kenneth Salisbury walikieleza mwaka 1994 na kukiita PHANToM: mkono mwembamba wa chuma uliokaa juu ya meza, una mota tatu, na mwishoni una kikofia cha kuingiza kidole. Unasogeza kidole hewani; nukta ya bandia ikigusa tufe la bandia, mota zinakizuia kidole. Kifaa kimeegemea meza, na kwa sababu hiyo kinaweza kukuzuia kwa kweli. Gharama yake ni kwamba hakitoki mezani, na kinashughulika na nukta moja tu, kana kwamba unaupapasa ulimwengu kwa ncha ya kijiti.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye siri ambayo maelezo mengi huiruka. Picha ikichorwa upya mara 90 kwa sekunde, macho yanaridhika. Mguso huhesabiwa upya kwa kawaida mara 1,000 kwa sekunde. Kwa nini tofauti iwe kubwa hivyo?

Ukuta wa bandia hutengenezwa kama springi. Kompyuta inasoma mahali kidole kilipo, inakuta kimezama milimita moja ndani ya ukuta, inaiamuru mota isukume kwa nguvu inayolingana na kina hicho. Kisha inasoma tena. Kati ya usomaji mmoja na unaofuata, mota inaendelea na amri ya zamani. Kidole kinapoingia, nguvu inachelewa kuongezeka, kwa hiyo ukuta unazuia kidogo kuliko inavyotakiwa. Kinapotoka, nguvu inachelewa kupungua, kwa hiyo ukuta unasukuma kupita kiasi. Jumlisha hasara ya kuingia na faida ya kutoka: kila mguso, ukuta unarudisha nishati zaidi ya uliyoupa. Springi halisi haiwezi kufanya hivyo kamwe. Matokeo yake ni ukuta unaotetemeka na kunguruma chini ya kidole, na ukiwa mgumu sana, mkono wa chuma unaweza kurushwa nyuma kwa nguvu.

Tiba ziko mbili kubwa, kusoma mara nyingi zaidi au kulainisha ukuta, na watengenezaji hutumia zote. Wengi wanaovijaribu vifaa hivi kwa mara ya kwanza hushangaa kwamba chuma na jiwe vya bandia vina unyumbufu kama wa mpira. Katherine Kuchenbecker na wenzake walionyesha mwaka 2006 njia ya kulipunguza tatizo hilo bila kuugusa ugumu wa ukuta: kidole kinapogonga tu, toa mshindo mfupi wa mtetemo unaofanana na ule wa ubao au chuma halisi. Ubongo hupokea mshindo huo na kuamini kwamba uso ni mgumu, ingawa nguvu iliyofuata ni ile ile laini. Kumbuka mbinu hiyo. Tutaiona ikirudi kwa sura nyingine.

Kuegemea mwili wa mtumiaji

Glavu ndiyo inayovutia macho ya watu katika maonyesho ya teknolojia. Mfano wa zamani unaojulikana sana ni CyberGrasp, kiunzi kilichovaliwa juu ya glavu, chenye nyaya zinazovuta vidole nyuma kwa nguvu ya hadi nyutoni 12 kwa kila kidole, karibu sawa na uzito wa kilo 1.2. Baadaye kampuni ya HaptX ilitoa glavu yenye vifuko vidogo 135 kwa kila mkono vinavyojazwa hewa ili kuibonyeza ngozi, pamoja na breki za vidole, huku mtambo wa hewa ukibebwa mgongoni. Meta nayo ilionyesha mwaka 2021 glavu ya majaribio inayotumia hewa.

Ukibana mpira wa bandia ukiwa na glavu kama hizo, vidole vinasimama pale mpira unapoanzia. Inasadikisha. Lakini ukiuegemeza mkono huo huo kwenye meza ya bandia, unapita. Glavu imeegemea mgongo wa kiganja chako, nayo haiwezi kuuzuia mkono mzima kwa sababu ile ile inayomzuia mtu aliye ndani ya mtumbwi asiweze kuusogeza kwa kuusukuma ubavu wake kutoka ndani. Kwa hiyo glavu humaliza tatizo la kukamata, na kuacha matatizo ya uzito, ukuta na meza pale pale yalipokuwa. Kikombe cha bandia kitakuwa na umbo, lakini hakitakuwa na uzito mkononi. Ongeza nyaya, joto, jasho, na mikono ya watu isiyofanana ukubwa, utaona kwa nini glavu bora hadi sasa zinanunuliwa na viwanda na maabara kuliko watu wa kawaida.

Umeme unatoa njia nyingine ya kuutumia mwili. Pedro Lopes na wenzake mwaka 2017 waliweka elektrodi, yaani vibandiko vya kupitishia umeme, kwenye mikono na mabega, na mtumiaji alipogusa ukuta wa bandia, umeme mdogo uliikaza misuli pinzani ikaurudisha mkono nyuma. Hakuna mota, hakuna kiunzi. Misuli ya mtu imegeuzwa mashine dhidi yake. Naistaajabia akili iliyobuni jambo hilo, lakini hisia ya umeme kwenye ngozi haifichiki, na si kila mtu atakubali programu imsogezee mkono.

Kutoegemea popote

Kifaa cha mguso kilichoenea kuliko vyote hakizuii chochote. Ni mtetemo. Nintendo walipotoa Rumble Pak mwaka 1997, ndani yake kulikuwa na mota iliyofungwa uzito upande mmoja. Ikizunguka, uzito unayumba na kifaa kizima kinatikisika. Udhaifu wake ni kwamba nguvu ya mtetemo na kasi yake vimefungwa pamoja, tena mota inahitaji muda wa kuanza na kusimama. Vifaa vya sasa hutumia koili na sumaku inayokwenda na kurudi, kwa hiyo vinaweza kutoa mguso mfupi mkavu kama wa swichi. Kidhibiti cha DualSense cha Sony, cha mwaka 2020, kina koili za namna hiyo, na vitufe vyake vya nyuma vina mota za kukinzana na kidole, zikiegemea mwili wa kidhibiti chenyewe.

Mtetemo hauhitaji egemeo la nje kwa sababu unasukuma na kuvuta kwa zamu, na jumla yake ni sifuri. Kwa sababu hiyo hiyo hauwezi kuuzuia mkono. Au ndivyo ilivyodhaniwa. Watafiti wa Japani, akiwemo Tomohiro Amemiya, walionyesha kwamba uzito mdogo ukirushwa kwa ghafla upande mmoja na kurudishwa polepole, mtu huhisi anavutwa upande ule wa ghafla. Kwa hesabu hakuna mvuto wowote. Ni ubongo unaotilia maanani mshituko na kuupuuza mwendo wa taratibu.

Kinachonivutia kuliko vyote ni kifaa cha Kouta Minamizawa na wenzake cha mwaka 2007. Ni mkanda mdogo kwenye ncha ya kidole unaovutwa na mota mbili. Zikivuta pamoja, kidole kinabanwa. Moja ikivuta kuliko nyingine, ngozi inaburutwa pembeni. Rudi kwenye ile glasi ya maji: uzito hujitangaza kwanza kwa ngozi kuvutwa chini. Mkanda huo unaigiza sehemu hiyo tu, na mtu huhisi amebeba kitu, ingawa misuli ya mkono wake haibebi chochote. Ngozi peke yake ilitosha kutoa ushahidi.

Kuna pia njia ya sauti. Kampuni ya Ultrahaptics, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol na kuanzishwa mwaka 2013, kisha ikaitwa Ultraleap mwaka 2019, ilipanga vipaza sauti vidogo vingi vinavyotetemeka mara 40,000 kwa sekunde, juu ya uwezo wa sikio, na kuyakutanisha mawimbi yake kwenye nukta moja hewani. Kwa kuwa kasi hiyo imepita uwezo wa ngozi, nguvu ya mawimbi hupandishwa na kushushwa polepole zaidi ili ngozi iweze kuihisi. Mkono mtupu huhisi kitu kama pumzi iliyoelekezwa. Nguvu ni ndogo mno, haiwezi hata kujifanya ukuta, lakini kwa kitufe kinachoelea hewani inatosha.

Kuazima vitu halisi, na kuazima macho

Mwaka 1965 Ivan Sutherland aliandika kuhusu chumba ambamo kompyuta ingetawala kuwepo kwa vitu vyenyewe, na kiti kilichoonyeshwa humo kingekalika. Hatujafika huko, lakini kuna jibu rahisi ambalo wahandisi hulidharau: weka kiti cha kweli. Huko Chapel Hill, Brent Insko mwaka 2001 aliwasimamisha watu ukingoni mwa shimo refu la bandia. Baadhi yao walikuwa na ubao wa kweli chini ya nyayo, uliopanda sentimita chache tu kutoka sakafuni, na vidole vyao viliuhisi ukingo. Mioyo yao ilienda mbio zaidi na ngozi zao zikaonyesha wasiwasi mkubwa kuliko wale waliosimama kwenye sakafu tupu. Kifaa chote kilikuwa kipande cha mbao.

Tatizo la vitu halisi ni kwamba ukihitaji vitu 100 utatafuta 100. William McNeely alipendekeza mwaka 1993 roboti iwe inakuletea uso wa kugusa mahali mkono wako unapoelekea. Mwaka 2016 watafiti wa Microsoft wakiwa na Mahdi Azmandian walifanya kinyume: walikuwa na mchemraba mmoja mezani, na miwani ikaonyesha kadhaa. Kila mtu alipoufikia mchemraba wa bandia, picha ya mkono wake ilipotoshwa kidogo kidogo, naye bila kujua akaurekebisha mkono wa kweli mpaka ukaangukia kwenye ule ule mmoja.

Hilo linawezekana kwa sababu macho yana sauti kubwa kuliko mkono. Irvin Rock na Jack Victor walionyesha mwaka 1964 kwamba mtu akishika kitu ambacho lenzi imempotoshea umbo lake, husema amehisi lile umbo aliloliona. Marc Ernst na Martin Banks mwaka 2002 walilipeleka jambo hilo mbali zaidi: ubongo huzipa hisi uzito kulingana na uhakika wa kila moja, kwa hiyo picha ikiharibiwa ukungu, mkono huanza kusikilizwa zaidi. Anatole Lécuyer naye alionyesha mwaka 2000 kwamba ukikipunguzia kasi kitu kwenye skrini wakati mtu anakisukuma, atahisi kina ukinzani. Udanganyifu huu una mpaka wake. Tofauti kati ya kinachoonekana na kinachohisiwa ikizidi, ubongo hukataa na mtu hugundua.

Ndiyo maana naona matumaini makubwa zaidi yako kwa vifaa vidogo vinavyochagua ushahidi mmoja na kuutoa vizuri, kama ule mkanda wa kidole, kuliko kwa glavu inayojaribu kutoa kila kitu. Ila naweka mpaka mmoja mkali. Mchezaji wa gemu akihisi uzito usio sahihi hapotezi kitu. Daktari mwanafunzi anayejifunza kuingiza sindano kwenye uti wa mgongo hujifunza kwa mkono ukinzani wa tishu unavyopanda, kisha unavyoachia ghafla sindano inapopita. Akifundishwa na kifaa kinachobahatisha nguvu hizo, mkono wake utakariri makosa, na makosa yaliyokaririwa na mkono hayatoki kwa kusoma kitabu. Kwake yeye mtetemo hautoshi. Anahitaji kifaa kilichoegemea kitu imara, na kilichopimwa dhidi ya tishu halisi.

Bado kuna umbali. Tukitaka watu wawili walioko mbali waguse kitu kimoja, kila mzunguko wa ile hesabu ya mara 1,000 una sehemu moja ya elfu ya sekunde tu. Ndani ya waya wa mwanga, ishara husafiri takriban kilomita 200 kwa muda huo, kwa hiyo ikilazimika kwenda na kurudi, watu hao hawawezi kuachana kwa zaidi ya kilomita 100. Zaidi ya hapo, kila mmoja anahisi nguvu iliyokwisha kuchelewa, na tumeshaona ucheleweshaji unavyoufanya ukuta. Hakuna mtandao utakaoishinda kasi ya mwanga. Suluhisho linalotumika ni kuiachia kila kompyuta ijenge kwake mfano wa kitu kilicho upande wa pili, ijibu mkono papo hapo kwa kutumia mfano huo, na iurekebishe kadiri habari zinavyofika. Ukipeana mkono na mtu aliye bara jingine kwa njia hiyo, unachokibana ni makisio ya kompyuta yako kuhusu mkono wake, yakisahihishwa mara nyingi kwa sekunde, na naye kule anabana makisio ya mkono wako.